Chuma Hushika, Mfupa Huunga

Mkono wa daktari wa upasuaji wa mgongo huujua mfupa dhaifu kwa kuugusa. Anaposukuma kifaa chembamba chenye ncha butu kuelekea ndani ya pingili, mfupa wa kijana humkatalia kwanza, kisha humpa njia kidogo kidogo, kwa mkwaruzo anaousikia hadi kiganjani. Mfupa uliopungukiwa madini haukatai. Kifaa huteremka karibu bila kusukumwa, na hapo ndipo kazi inapobadilika. Aliyezoea mifupa migumu tu anaweza kuufurahia wepesi huo. Fundi aliyekomaa hupunguza mwendo.

Kupunguza mwendo kwa namna hiyo ndiko ninakotaka kukusifu, kwa sababu hakuonekani kwenye picha yoyote. Mgonjwa akitoka hospitali anaonyeshwa filamu ya eksirei: skrubu na fito zinang'aa nyeupe, ndugu wanashangaa, na chuma kinapewa sifa yote. Ustadi wenyewe umebaki gizani.

Tuseme mgonjwa ni mama wa miaka 67 wa Kagongwa, pale ambapo mashine za kukoboa mpunga zinanguruma pande zote za barabara ya Isaka kwenda Kahama. Tangu ujana amepepeta, amebeba na kupima mchele. Sasa akitembea kidogo tu kutoka mashineni miguu inakufa ganzi, anatafuta pa kukaa, akiinama mbele anapata nafuu. Mtaani wanamwambia pingili zimesagika. Hospitali ya Manispaa ya Kahama inampa rufaa, na safari inapita Tinde na Shinyanga hadi Mwanza, kwenye kilima cha Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Picha zinaonyesha kuwa pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele juu ya ya tano na inazibana neva. Dawa za maumivu na mazoezi vimeshajaribiwa kwa muda mrefu. Tiba inayobaki ni kuondoa mfupa unaobana, kisha kuziunganisha pingili hizo mbili ziwe mfupa mmoja usioteleza tena.

Laiti mifupa yake ingekuwa ya miaka 30, maelezo yangeishia hapo.

Mfupa haukomi kujengwa. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo na kuijenga upya, na hedhi inapokoma ubomoaji huutangulia ujenzi. Gamba la nje linapungua unene, na vijifupa vyembamba vinavyopishana ndani vinakonda na kukatika. Madaktari huita hali hiyo osteoporosisi. Haiumi. Mtu hukaa nayo miaka mingi bila kujua, mpaka nyonga au pingili ivunjike kwa kuanguka kidogo au kwa kunyanyua ndoo. Pingili huathirika mapema kwa sababu ndani yake kumejaa vijifupa hivyo vyembamba kuliko gamba gumu. Wala si ugonjwa wa kina mama wazee peke yao. Prednisoloni inayomezwa kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au baridi yabisi hudhoofisha mifupa, pombe nyingi na sigara vivyo hivyo, na tenofovir, dawa ambayo imeokoa maisha ya watu wengi sana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hupunguza madini ya mfupa kwa kiasi. Katika ukanda huu wa dhahabu wa Kahama wapo wazee wa kiume waliozeeka na vyote hivyo kwa pamoja.

Kahama haihitaji kufundishwa habari za kuegemeza kitu kwenye mwamba mlegevu. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi. Mchimbaji anayeshuka duarani, yaani shimoni, anajua kuwa timba, lile gogo la kuegemezea, hata liwe la mti mgumu namna gani, nguvu yake ni nguvu ya mwamba linaoukanyaga; mwamba ukimomonyoka, timba linaanguka likiwa bado zima. Skrubu ya mgongoni iko hivyohivyo. Ni ya titaniamu, haikatiki kwa urahisi. Kinachoachia ni mfupa unaoizunguka.

Historia ya ufundi huu inanivutia hasa kwa sababu ulianza bila chuma. Mwaka 1911, mjini New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe akakipachika kwenye miiba ya pingili iliyopasuliwa katikati. Hibbs alikwangua migongo ya pingili, akavunja vijipande vidogo na kuvilaza vigusane na vya jirani. Kisha mgonjwa alilazwa miezi, amefungwa plasta, na mwili ukafanya kazi iliyobaki. Paul Harrington wa Houston alikuja na fito zake za chuma katikati ya karne ya 20. Raymond Roy-Camille wa Paris alianza kupitisha skrubu nyuma ya pingili mwaka 1963. Skrubu zilipokuja hazikuja kuunganisha. Zilikuja kushika, mgonjwa aweze kuinuka kitandani mapema huku mfupa ukiendelea kuunga kwa mwendo wake, miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi.

Kwa mtu mwenye osteoporosisi mambo yote mawili hudhoofika pamoja: kushika kunalegea na kuunga kunachelewa. Mfupa usipounga, chuma hubeba uzito wa mwili kila hatua, kila siku, mpaka skrubu ilegee au ufito ukatike. Kwa hiyo fundi wa mifupa dhaifu anafanya kazi yake kubwa katika sehemu mbili ambazo hazionekani: kabla ya kisu, na ndani ya jeraha lenyewe, pale mfupa unapokwanguliwa kwa namna ileile ya Hibbs.

Kabla ya kisu kuna kupima. Kipimo kinachotambulika duniani ni kile cha mionzi hafifu kiitwacho DXA, na Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wake mwaka 1994: alama ya −2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi, kati ya −1 na −2.5 ni mfupa uliopungua. Lakini kwa mgongo wa mzee kipimo hiki hudanganya. Mifupa iliyoota pembeni kwa sababu ya kusagika, na chokaa iliyoganda kwenye mshipa mkuu wa damu mbele ya mgongo, vyote huhesabiwa kuwa madini, na alama hupanda. Mgonjwa mwenye pingili tupu ndani anaonekana mzima kwenye karatasi. Hapo fundi hatosheki na karatasi.

Ipo njia nyingine ninayoiona ya busara kubwa, hasa kwa kanda yetu. Katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Mgonjwa wa mgongo mara nyingi atapigwa CT kwa sababu nyingine kabisa, na ndani ya picha ileile wingi wa madini umeshaandikwa. Mtaalamu wa mionzi anachora duara dogo katikati ya pingili ya kwanza ya kiuno, mbali na gamba, mbali na mishipa, na kompyuta inampa wastani kwa namba za Hounsfield, zilizopewa jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi yake kwenye mashine hiyo. Kwa vipimo hivyo maji ni 0 na hewa ni −1000. Pingili hiyo ikisoma chini ya 110 kuna sababu nzito ya kushuku osteoporosisi. Ikizidi 160 wasiwasi unapungua sana. Haihitajiki mashine ya pili wala mnururisho mwingine. Linahitajika jicho linalokumbuka kuuliza.

Baada ya kupima linakuja jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko upasuaji wenyewe: kumwambia mgonjwa asubiri. Mama wa Kagongwa amefika na mwanawe wa kwanza, ng'ombe ameshauzwa, nauli imetumika. Daktari anamsalimia kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, "Mwangaluka mayo," kisha anavuta kiti karibu na kumweleza kuwa mgongo utatengenezwa, ila mifupa itangulie. "Mwanangu, nimekuja kupasuliwa," mama anasema, na ana haki ya kusema hivyo. Kama miguu ingekuwa inapooza, au mkojo umeanza kumtoka bila kujua, kusubiri kusingekuwepo. Kama kinachomsumbua ni ganzi na maumivu ya kutembea, miezi michache ya matibabu ya mfupa inaweza kuamua kama skrubu zitashika. Daktari anayekubali kuonekana mzito machoni pa familia, kwa ajili ya mfupa ambao familia haiuoni, anastahili heshima kuliko anayekimbilia chumba cha upasuaji.

Dawa zipo za namna mbili kubwa. Zile za kundi la bisifosfoneti hupunguza ubomoaji: alendroneti ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, au zoledroneti ya dripu mara moja kwa mwaka. Vidonge vya alendroneti vina masharti yake: asubuhi kabla ya kula, kwa glasi kamili ya maji, kisha kukaa wima au kusimama nusu saa bila kulala, maana kidonge kikikwama huchoma koo. Namna ya pili hujenga. Teriparataidi hudungwa kila siku, na mwaka 2012 Seiji Ohtori na wenzake wa Japani walichapisha matokeo ya kina mama waliokoma hedhi na kuunganishwa pingili za kiuno: kati ya waliodungwa dawa hiyo 82 kwa kila 100 waliunga, dhidi ya 68 kwa kila 100 waliotumia bisifosfoneti. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini dawa hiyo ni ya bei kubwa na inahitaji friji, kwa hiyo katika safari ya Kagongwa hadi Mwanza ile ya kidonge cha wiki ndiyo iliyo karibu na uwezo wa watu.

Vitamini D nayo huangaliwa, hata huku kwenye jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha juu kweli. Lakini bibi ambaye mgongo umemfungia ndani ya nyumba ya bati halioni jua hilo. Kwa chakula, Usukumani pana bahati ambayo haitajwi vya kutosha: dagaa wa ziwa, anayeliwa na miba yake, ni kalsiamu iliyokauka. Pamoja na maziwa ya mgando, ni lishe ambayo daktari anaweza kuiagiza bila kumpeleka mtu duka la dawa.

Sasa twende ndani.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na hata kumgeuza ni kazi. Mbavu zenye osteoporosisi huvunjika kwa mkono wa haraka. Mito huwekwa kifuani na nyongani ili tumbo lining'inie huru, kwa sababu tumbo lililobanwa husukuma damu kwenye mishipa ya mgongo, na jeraha zima huvuja. Kisha ngozi, misuli, na mifupa ya nyuma ya pingili inaonekana.

Kila pingili ina madaraja mawili mafupi ya mfupa, kushoto na kulia, yanayounganisha sehemu ya nyuma na mwili wake ulio mbele. Ndiyo pedikeli. Skrubu hupita humo. Upande wa ndani, milimita chache tu, upo mfereji wa neva. Chini yake neva ya mguu inatoka. Daktari anatafuta mahali pa kuingilia, pale kiungo kinapokutana na pembe ya pingili, anatoboa gamba, kisha anasukuma kile kifaa butu. Akikitoa, anaingiza waya wenye kichwa cha mviringo na kupapasa pande tano: juu, chini, ndani, nje, na mwisho wa tundu. Pande zote lazima zijibu kwa ugumu. Upande ukijibu kwa ulaini, njia imetoka nje ya mfupa, na haendelei.

Katika mfupa mgumu hatua inayofuata ni kuchonga hesi ndani ya tundu ili skrubu iingie. Katika mfupa dhaifu fundi huchonga kwa kifaa chembamba kuliko skrubu, au hachongi kabisa, skrubu ijitengenezee njia na kuubana mfupa pembeni badala ya kuutoa. Anachagua skrubu nene kadiri pedikeli inavyoruhusu, labda milimita 7.5 mahali ambapo kwa mwingine angeweka 6.5, na ndefu kidogo. Anazielekeza mbili za pingili moja zikaribiane kwa mbele, ili zikivutwa zipambane na mfupa mwingi. Anaweza kuongeza pingili moja juu au chini ili mzigo ugawanyike. Na akishaiingiza hairudishi nyuma. Skrubu iliyotolewa na kurudishwa kwenye tundu lilelile haishiki tena kama mwanzo, kwa hiyo uamuzi wa kina na mwelekeo hufanywa mara moja, kabla ya zungusho la kwanza.

Mwishoni kuna nusu mzunguko ambao kila mkono unautamani: kukaza kidogo zaidi. Kwenye mbao husaidia. Kwenye pingili yenye osteoporosisi, kichwa cha skrubu kikikandamizwa kwenye gamba la nyuma, gamba hupasuka na nguvu ya kushika hupotea palepale. Fundi anasimama kabla ya hapo. Kusimama huko hakufundishwi kwa kitabu. Tangu mwaka 2008 daktari Roger Härtl wa Weill Cornell, New York, amekuwa akishirikiana na madaktari wa Tanzania, Bugando na kisha Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na mengi ya mafunzo hayo ni ya mezani: mkubwa ameshika upande mmoja, kijana upande wa pili, mmoja akihisi na mwenzake akiangalia anavyohisi.

Pale ambapo skrubu peke yake haitoshi, ipo saruji ya mfupa. Huchanganywa palepale, husubiriwa iwe nzito kiasi, kisha mililita moja hadi tatu hupitishwa kwenye skrubu yenye matundu, macho yakiwa kwenye eksirei inayoonyesha moja kwa moja. Ikiwa nyepesi mno inaweza kuingia kwenye mishipa na kusafiri hadi mapafuni. Ikiwa nzito mno haipiti. Dakika za kuamua ni chache.

Halafu inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayofanywa watu wakiwa wamechoka. Skrubu zimekaa, fito zimefungwa, picha ni nzuri, na saa zimekwenda. Daktari mvivu hufunga jeraha hapo. Fundi huchukua patasi na kukwangua nyuso za pingili mpaka zitoe damu, kwa sababu mfupa usiotoa damu hauungi. Mifupa iliyoondolewa kwenye neva haijatupwa. Muuguzi ameihifadhi kwenye bakuli tangu mwanzo, ameisafisha nyama, sasa inakatwa vipande vidogo na kulazwa juu ya nyuso hizo, ikiongezewa ya nyonga pale isipotosha. Hakuna kitakachong'aa kwenye filamu ya leo. Ila kama mgongo huu utasimama baada ya mwaka, ni kwa sababu ya robo saa hii.

Matokeo yasemwe kwa haki. Wenye osteoporosisi hulegea skrubu mara nyingi zaidi, hurudi kupasuliwa mara nyingi zaidi, na wengine huvunjika pingili iliyo juu kidogo ya mwisho wa vyuma, kwa sababu hapo mgongo unaopinda unakutana na mgongo usiopinda. Ndiyo maana fundi huzihurumia kano za pingili ya juu asizikate bila lazima, wala halazimishi mgongo wa mzee unyooke kama wa askari. Lakini wengi hutembea vizuri kuliko walivyokuja, hata pale ambapo picha haikupendeza. Umri na mifupa dhaifu si sababu ya kumfungia mtu mlango.

MOI na wenzao wamekuwa wakiandika waziwazi kuhusu kinachowakwamisha wagonjwa wa mgongo nchini: bei ya vyuma na kuchelewa kufika. Mkono wenye ustadi hauna la kufanya na mgonjwa aliyebaki nyumbani akikandwa mgongo mpaka miguu ikapooza.

Mama anaporudi Kagongwa, kidonge cha kila wiki hakiachwi. Hanyanyui debe wala gunia, lakini anatembea kila siku, maana mfupa usiobebeshwa mwili wake hukonda zaidi. Wajukuu wanaondoa vitu vya kujikwaa njiani kwenda chooni. Na tarehe ya kurudi kliniki ikifika anabeba ile bahasha kubwa ya filamu, zote, hata zile za kabla ya upasuaji. Daktari atazishika mbili kwenye mwanga, ya zamani na mpya, akitafuta mstari mweusi mwembamba kuizunguka skrubu, dalili ya kulegea, na ukungu mweupe kati ya pingili, dalili ya kuunga. Mabadiliko yenyewe yanaweza kuwa milimita moja. Bila filamu ya kwanza hataweza kusema kama skrubu imesogea au ilikaa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo bahasha isisahauliwe nyumbani.